ZIARA YA MAKUMBUSHO KAMA TUKIO LA USIMULIZI: SHULE, FAMILIA NA MTOTO WA MABAWE

1.0 Utangulizi

Mtoto anayesoma katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara, hufundishwa habari za fuvu la Zinjanthropus, Vita vya Maji Maji na Azimio la Arusha kama wanavyofundishwa watoto wengine wote wa Tanzania. Tofauti ni kwamba mwenzake wa Dar es Salaam anaweza kupelekwa asubuhi kuliona fuvu hilo na kurejea nyumbani kabla ya jua kuchwa. Mtoto wa Mabawe ametengwa na kabati hilo la kioo na safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwake yeye makumbusho ni neno la kitabuni.

Makala haya yanakusudia kueleza kinachotokea kiisimu na kifasihi pale kundi la wanafunzi au familia inapozuru makumbusho ya historia. Aghalabu ziara hizo hujadiliwa kama suala la utalii au la mbinu za kufundishia. Sisi tutazitazama kama tukio la usimulizi, yaani mahali ambapo msimulizi, hadhira na kitu hukutana kwa muda maalumu ili jambo lililopita litamkwe upya. Hoja yetu ni kwamba kundi la shule na familia huwa na namna mbili tofauti za kusimulia, kwamba kila moja ina upungufu ambao nyingine ingeweza kuuziba, na kwamba tofauti hiyo inatupa njia ya kufikiri juu ya mahali kama Mabawe, ambapo jengo la makumbusho halipo ilhali historia ya kukumbushwa ni nyingi.

Tutaanza na neno lenyewe, kisha tutapitia kwa ufupi makumbusho yaliyopo. Baada ya hapo tutachambua aina mbili za ziara, tutagusia lugha ya maelezo yanayoandikwa kando ya vionyeshwa, na mwisho tutarejea Ngara.

2.0 Neno makumbusho

Nomino makumbusho imenyambuliwa kutokana na kitenzi kumbuka. Kitenzi hicho kikipewa kauli ya kusababisha huwa kumbusha, na kikiongezewa kiambishi tamati -o pamoja na kiambishi ngeli ma- hutupa jina la jambo au mahali pa kukumbushia. Uundaji huu una maana. Lugha nyingi za Ulaya zimerithi kutoka Kiyunani neno lililohusu makao ya miungu wa kike wa sanaa na elimu. Kiswahili hakikulikopa neno hilo. Kimechagua kitenzi, na kitenzi chenyewe ni cha kusababisha, ambacho hakikamiliki bila watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa muundo wa neno, nyumba iliyojaa vitu vya kale bila mtu wa kukumbusha bado haijawa makumbusho kwa maana kamili. Ni ghala.

Inafaa kulinganisha na jina ambalo makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalipewa na wenyeji yalipokuwa katika ngome ya Lugard huko Kampala. Watu waliyaita Enyumba y'Amayembe, yaani nyumba ya mayembe, kwa kuwa miongoni mwa vitu vilivyokusanywa humo vilikuwamo vifaa vya uganga na ibada za jadi. Jina hilo linatuonyesha kwamba hadhira ilikuwa na tafsiri yake. Mkusanyaji aliona sampuli za utamaduni, hali wenyeji waliona vitu vyenye nguvu vilivyoondolewa mahali pake. Pande zote mbili zilitazama kabati moja, lakini hazikusoma jambo moja.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipopitisha fasili mpya ya makumbusho mjini Prague mwezi Agosti 2022, liliingiza ndani yake ushirikishwaji wa jamii pamoja na elimu, burudani, tafakuri na kubadilishana maarifa. Kwa msemaji wa Kiswahili fasili hiyo si ngeni sana. Sehemu yake kubwa tayari imo katika mofimu ya usababishi ya neno letu.

3.0 Makumbusho ya historia nchini na umbali wake

Makumbusho ya Taifa yalianzishwa Dar es Salaam mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, wakati huo yakiwa na jina la ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Baadaye shirika hilo lilipanuka. Makumbusho ya Azimio la Arusha yalianzishwa mwaka 1977 katika jengo ambamo azimio hilo lilijadiliwa mwaka 1967. Makumbusho ya Maji Maji yako Songea, mahali waliponyongwa na kuzikwa mashujaa wa vita hivyo mwaka 1906. Na Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa Butiama mwaka 1999. Nje ya mfumo huo wa serikali yapo Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoasisiwa na Padre David Clement, pamoja na makumbusho madogo ya Kagera mjini Bukoba.

Orodha hii inaonyesha kwamba makumbusho mengi yamejengwa ama katika miji mikubwa ama pale lilipotokea jambo ambalo taifa limelikubali kuwa lake. Pembe ya kaskazini-magharibi, ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi, haina jengo la namna hiyo. Mwanafunzi wa Ngara akitaka kuona ngoma za watemi nyuma ya kamba na bango la maelezo hana budi kwenda Bujora. Akitaka Zinjanthropus, atavuka nchi nzima. Kijiografia yuko karibu zaidi na makumbusho ya Kigali kuliko ya Dar es Salaam.

4.0 Ziara kama utendaji

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M.M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Nadharia hiyo haikuandikwa kwa ajili ya makumbusho, lakini inayafaa. Mwongoza wageni, mwalimu au mzazi ni fanani. Wanafunzi au wanafamilia ni hadhira. Masimulizi yanayojengwa juu ya kionyeshwa ndiyo fani. Ziara ni tukio, ukumbi ni mahali, na saa moja au mbili zilizotengwa ndizo wakati. Likibadilishwa jambo moja kati ya hayo sita, masimulizi nayo hubadilika, hata kama kilichomo kabatini ni kilekile.

4.1 Kundi la shule

Kundi la shule huja na mamlaka ya darasani. Sinclair na Coulthard (1975) walieleza kuwa mazungumzo ya darasani yana umbo la pande tatu: mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutathmini. Umbo hilo haliachwi mlangoni pa makumbusho. Tuseme wanafunzi wamesimama mbele ya jiwe la kusagia. Mwalimu atauliza, "Hiki ni nini?" Mmoja atajibu, "Jiwe la kusagia nafaka." Mwalimu atasema, "Vizuri," na msafara utasogea. Kitu kimetajwa jina na jina limesahihishwa. Hakuna aliyeuliza nani alisaga, alisaga saa ngapi, aliimba nini alipokuwa akisaga, na mashine ya kusaga ilipofika kijijini wimbo huo ulikwenda wapi.

Si haki kumlaumu mwalimu kwa hilo. Ana watoto hamsini au zaidi, gari linasubiri, na siku inayofuata atadaiwa ripoti. Aidha utafiti wa John Falk na wenzake tangu mwaka 1978 umeonyesha kwamba watoto wanaopelekwa mahali pageni kabisa huelekeza kwanza akili zao kwenye ugeni wa mahali hapo, na ndipo mambo waliyopelekwa kujifunza huweza kupata nafasi. Mtoto aliyesafiri usiku kucha kutoka Ngara, ambaye huenda anaiona bahari kwa mara ya kwanza, hawezi kulaumiwa akilikumbuka basi, samaki na ngazi za ghorofa kuliko tarehe zilizoandikwa ukutani.

Hata hivyo ziara ya shule ina fadhila ambayo hatupaswi kuidharau. Ndiyo pekee inayompeleka mtoto bila kujali kama wazazi wake wamesoma au wana uwezo, na ndiyo inayomweka mbele ya historia ya watu wasio ndugu zake. Mtoto wa Kihangaza anaposimama Songea au Bujora hujifunza kwamba neno sisi lina upana kuliko ukoo wake. Kwa taifa lenye lugha zaidi ya mia moja hilo si jambo dogo.

4.2 Familia

Familia huingia makumbusho bila ratiba. Falk na Dierking, katika kitabu chao cha mwaka 1992, walieleza tajiriba ya mzuru kuwa zao la miktadha mitatu inayoingiliana: wa mtu binafsi, wa watu alioandamana nao na wa mahali penyewe. Katika familia muktadha wa pili ndio hutawala. Swali halitoki kwa mwenye jibu kwenda kwa anayetahiniwa. Mara nyingi mtoto ndiye huuliza kwa sababu hajui, na mkubwa hujibu kwa sababu aliishi. Mbele ya jiwe lilelile bibi atasema, "Hili lilikuwa kwetu. Mama yangu alipiga magoti hivi." Kisha atapiga magoti. Kitendo hicho kidogo hakimo katika bango lolote, nacho ndicho mjukuu atakachokikumbuka.

Kwa istilahi ya Mulokozi, hapa fanani na hadhira hubadilishana nafasi. Bibi asiyejua kusoma husimuliwa na mjukuu maandishi ya bango, halafu yeye humsimulia mjukuu kitu ambacho bango limekificha. Katika familia ya Ngara mabadilishano hayo hupita katika lugha mbili, kwani maandishi yatakuwa ya Kiswahili au Kiingereza, na bibi atajibu kwa Kihangaza au Kishubi. Mtoto anakuwa mkalimani. Kwa kufanya hivyo anagundua kwamba maneno mengine hayavuki.

Upungufu wa familia uko mahali palepale ilipo nguvu yake. Husimama penye kilicho chake na kupita haraka penye kisicho chake. Pia kumbukumbu ya familia haina msahihishaji. Babu anaweza kuchanganya vita viwili, au kunyamaza kabisa juu ya jambo linalomtia aibu au uchungu. Hapo ndipo elimu ya mhifadhi na ya mwalimu inapohitajika.

5.0 Lugha ya maelezo: mfano wa ngoma

Suala la maneno yasiyovuka linastahili mfano. Katika makumbusho mengi ya eneo letu utakuta ngoma kubwa ya kifalme na bango fupi linalosema kuwa hiyo ni ngoma, limeundwa kwa mti gani na limetoka wapi. Kwa msomaji wa Kiswahili, ngoma ni ala, ni uchezaji na ni sherehe. Lakini katika Kirundi na Kinyarwanda neno ingoma hutaja pia utawala na enzi ya mfalme, na katika Kinyankore anayetawazwa husemwa kuwa amekula ngoma. Huko Burundi ngoma ya Karyenda ilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Kwa hiyo bango linaposema "Ngoma" na kuishia hapo, limesema kweli katika Kiswahili na limenyamazia nusu ya maana katika lugha ya waliomiliki kitu hicho. Ni kama kuiita siwa ya Pwani pembe na kunyamaza.

Kihangaza ni lugha iliyo karibu sana na Kirundi. Mzee wa Mabawe akisimama mbele ya ngoma kama hiyo anaweza kutoa maana ambayo mwandishi wa bango, pengine aliyezaliwa mbali, hakuipata. Tatizo ni kwamba mfumo wa makumbusho humtegemea mzee huyo awe msomaji wa maelezo, wala haujamwekea nafasi ya kuwa mtoaji wake.

Mfano wa pili ni nanga, zeze la kulazwa linalopigwa na watribu wa Buhaya. Neno hilo ni jina la ala na pia la utenzi unaoimbwa kwayo, utanzu ambao Mulokozi aliufanyia utafiti wa kina. Nanga iliyotundikwa ukutani bila sauti ni nusu ya nanga. Kundi la shule litaandika katika daftari kwamba ina nyuzi kadhaa. Familia yenye mzee aliyewahi kumsikia mtribu itapata walau jina la shujaa mmoja na sauti ya kibwagizo. Makumbusho yaliyo makini yangemwalika mtribu mwenyewe. Bujora wamefanya jambo la namna hiyo kwa miaka mingi kwa kuunganisha vionyeshwa na uchezaji wa ngoma, na ndiyo maana mzuru huondoka huko akiwa amesikia kitu.

Kutokana na mifano hii tunaweza kupendekeza kanuni tatu za uandishi wa maelezo. Kwanza, jina la kitu litolewe katika lugha ya wenyewe pamoja na Kiswahili, na pale maana zinapoachana, tofauti hiyo ielezwe. Pili, sentensi moja imtaje mtu: nani alikitumia na katika hali gani. Tatu, bango liishie na swali ambalo mkubwa anaweza kulijibu kutokana na maisha yake, si swali ambalo jibu lake limeandikwa juu yake.

6.0 Mabawe: historia bila jengo

Sasa turejee Ngara. Je, kukosekana kwa jengo kunamaanisha kukosekana kwa makumbusho? Tukishikamana na kitenzi kumbusha, jibu ni hapana.

Wilaya ya Ngara iko mahali ambapo maji ya Ruvubu na Nyabarongo hukutana na kuwa Mto Kagera, na muda mfupi baadaye huanguka Rusumo. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapo kuingia Rwanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mito na vilima hivyo vikawa mpaka kati ya Tanganyika ya Waingereza na Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, mpaka uliopita katikati ya watu wanaoelewana kwa lugha. Karne moja kamili baada ya Götzen, mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji. Mto huohuo ulichukua miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari hadi Ziwa Viktoria, ambako mingi ilizikwa katika mwambao wa Uganda na leo ina makaburi ya ukumbusho. Kambi za Wanyarwanda wilayani Ngara zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996. Kabla na baada ya hapo wilaya imewapokea wakimbizi wa Burundi pia.

Mtoto aliyezaliwa Ngara mwaka huo wa 1994 ametimiza miaka thelathini na ushei. Leo yeye ni mzazi wa mwanafunzi wa shule ya msingi, na wazazi wake, walioona kwa macho yao, ndio babu na bibi wa mwanafunzi huyo. Hii ina maana kwamba mashahidi wangali hai, wako nyumbani, na wanaweza kuulizwa, lakini hawatakuwapo daima. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hilo haliwezi kumfikisha kila mtoto Dar es Salaam. Linaweza, hata hivyo, kumfikisha kila mtoto kwa bibi yake.

Mkoa wa Kagera wenyewe una mfano wa namna masimulizi yanavyoweza kutangulia jengo. Huko Katuruka, Buhaya, wazee waliosimulia habari za mti wa Kaiija na za ufuaji wa chuma ndio waliomwelekeza mwanaakiolojia Peter Schmidt mahali pa kuchimba, na machimbo yakathibitisha kwamba chuma kilifuliwa hapo miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 2000 wanakijiji walianza kulifufua eneo hilo ili liweze kutembelewa. Masimulizi yalikuja kwanza, uchimbaji ukafuata, na kibao cha maelezo kikawa cha mwisho.

Kwa hali hiyo tunapendekeza kwamba ziara ya shule ya mahali kama Mabawe ipangwe katika hatua tatu. Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi amuulize mkubwa mmoja wa nyumbani habari ya kitu kimoja: jembe, mtungi, ngoma, au hema lililobaki. Katika ziara, iwe ya Bujora, Bukoba au maporomoko ya Rusumo yasiyohitaji kiingilio cha ndege wala usiku njiani, mwalimu apunguze maswali yenye jibu moja na kuwaachia watoto nafasi ya kulinganisha walichosikia na wanachoona. Baada ya kurejea, wakubwa waalikwe shuleni kusikia watoto wakisimulia, na wasahihishe au wasahihishwe. Hapo familia na shule huwa hadhira moja.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kumbukumbu za mwaka 1994 si jiwe la kusagia. Katika darasa moja anaweza kuwamo mtoto ambaye familia yake ilitoa ardhi na kuni kwa wakimbizi, na mwingine ambaye familia yake ilifika kwa miguu. Si kila bibi atataka kusimulia, na mtoto asitumwe kumlazimisha. Mwalimu aliyefunzwa atajua kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya masimulizi, na kwamba kukumbusha ni tofauti na kutonesha.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ziara ya makumbusho ni tukio la usimulizi linalotawaliwa na mahusiano ya fanani na hadhira kuliko na kionyeshwa chenyewe. Shule humpa mtoto upana na usahihi; familia humpa kina na lugha ya nyumbani. Makumbusho yanayoandika maelezo yake kwa kuwategemea wasomaji wa kimya huzipoteza zote mbili.

Kwa wanafunzi wa uzamili wa Idara zetu za Kiswahili hapa pana kazi ya kufanya. Mazungumzo ya familia mbele ya vionyeshwa, ukalimani wa watoto kati ya lugha za jamii na Kiswahili, na usanifu wa mabango ni nyanja ambazo wanaisimu na wanafasihi wanaweza kuzichangia kwa zana walizo nazo tayari. Katika Ngara kazi hiyo ina haraka yake, kwa sababu kila mwaka unaopita huondoka na baadhi ya wale ambao mtoto wa Mabawe angeweza kuwauliza.